Uvimbe Uliodai Jina

Kasuba alinipigia simu asubuhi, nikiwa sokoni Kashikishi, upande wa Zambia, napanga samaki wangu, akaniambia mama yake amekufa. Mama alisema kichwa kinamuuma, akaomba akae kidogo karibu na moto, na hakuinuka tena. Mwanamke wa umri wake, mwenye presha ya miaka mingi, aliyekuwa akificha vidonge chini ya godoro kwa sababu eti vinamchosha. Nililia palepale mbele ya wateja wala sikuona haya. Kisha Kasuba, anayeniita dada mkubwa, akashusha sauti. "Yaya Mado, kuya mbio. Batu beko banasema mambo." Sikumwuliza watu wanasema mambo gani. Kwenye pwani hii ya ziwa Mweru mtu akifa, swali la kwanza si ameugua nini. Swali la kwanza ni nani. Nilimwachia jirani meza yangu, nikavaa viatu vya kufunika, nikashuka bandarini kutafuta mtumbwi wa injini unaokwenda Kilwa, kisiwa cha humuhumu ziwani. Viatu nilivaa kwa sababu ya kovu. Liko upande wa ndani wa mguu wa kushoto, nyuma ya kifundo, limepinda kama ndoana, na sikutaka abiria waliangalie njia nzima na kuniuliza. Siku ile sikuwa na hamu ya kueleza. Nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira afadhali atazame maji.

Mwaka nilioupata kovu hilo nilikuwa na miaka kumi na minane, nikiishi na tantine Ode, shangazi yangu, kwenye chumba kimoja nyuma ya soko, chumba chenye harufu ya samaki hata ndani ya Biblia. Kazi yetu ilikuwa chisense, wale samaki wadogo weupe wanaovuliwa kwa taa na kuanikwa juani asubuhi. Kila mwanamke alikuwa na kipande chake cha mchanga karibu na maji, alichokifagia yeye mwenyewe, akakitandika nyavu kuukuu na kumwaga samaki juu yake. Kulikuwa na sheria moja pale: hakuna viatu. Chakula cha watu hakikanyagwi na viatu. Kwa hiyo tulishinda peku, tukigeuza samaki, tukifukuza kunguru, na kila mmoja alijua miguu ya mwenzake jinsi watu wa mahali pengine wanavyojuana kwa sura. Ukiwa na funza, wote wanajua. Ukichechemea asubuhi, kabla ya saa sita umeshapewa dawa tatu na mume wa uongo aliyekupiga.

Uvimbe ulianza mdogo pale nyuma ya kifundo, punje ya maharagwe chini ya ngozi. Haukuuma. Kilichouma kilikuwa unyayo: ulikuwa ukiwaka moto jioni, halafu ukawa unachomachoma, halafu ganzi. Siku moja nilisimama juu ya kaa la moto kwenye banda la kukaushia samaki wakubwa, na ni harufu iliyonishtua, siyo maumivu. Tantine Ode alinivuta kwa mkono. Alitazama lile lengelenge, akanitazama usoni, akaona kwamba sikuwa nikilia. Hapo ndipo alipoogopa. Mtu anayeungua bila kulia si jambo dogo kwa mwanamke aliyelelewa kijijini kwao, na mimi simcheki kwa hilo. Alinipenda. Aliuza sufuria yake nzuri ili kunitafutia dawa, na usiku nilimsikia akisali jina langu mara nyingi mpaka likaacha kuwa jina.

Alinipeleka kwanza kliniki, nimpe haki yake. Mganga wa kliniki alibonyeza ule uvimbe, mguu mzima ukapigwa na shoti mpaka vidoleni, nikapiga kelele. Alisema ni mfuko wa maji mazito, umekaa karibu na mshipa wa fahamu au ndani yake, hajui vizuri. Alichoma sindano pembeni, polepole, akatoa ute mweupe mzito kama wa yai bichi, akaniambia: uvimbe unaweza kurudi, na ukirudi usiache mtu aukate, njoo nikuandikie kwa daktari wa upasuaji. Nilitoka pale nikitembea kama bibi harusi. Unyayo ulikaa vizuri mpaka mvua zilipoanza. Kisha punje ikarudi, sasa kubwa kama jicho la samaki mkubwa, na vidole vikaanza kukataa kujikunja.

"Unamona?" tantine aliwaambia wanawake wa kikundi chake cha maombi waliokuwa wamejaa chumbani, mimi nikiwa nimelala nimewapa mgongo, wakidhani nimesinzia. "Hospitali imetosha maji, kintu imerudi. Ugonjwa ya Mungu hairudiake vile. Hii ni ya batu."

"Alikanyaga kintu," mmoja akasema. "Lakini alikanyaga ku mchanga ya nani?"

Wote walijua jibu, na kila mmoja alimngoja mwenzake aseme. Mchanga ulioungana na wetu ulikuwa wa Bana Kasuba, yaani mama yake Kasuba, Mzambia wa kisiwani, mwanamke mrefu mwenye ulimi mkali, aliyejifunza Kiswahili chetu cha Kongo ili tusimwibie kwenye biashara. Miezi kadhaa nyuma nilipita katikati ya samaki wake kukimbilia mtumbwi, naye akanipigia kelele mbele ya wote: "Iwe, wewe! Kanyaga tena mchanga yangu, miguu itakuambia!" Alikuwa akimaanisha atanichapa. Kila mtu alicheka siku ile, na mimi nilicheka. Lakini maneno hayaozi. Mguu ulipoharibika, watu waliyaokota pale yalipoanguka.

Niseme pia jambo ambalo hakuna aliyelisema chumbani. Kipande cha Bana Kasuba kilikuwa kizuri kuliko vyote. Kiko juu kidogo, mvua haikai, na mitumbwi inafikia mbele yake. Nimeishi kwenye pwani hii maisha yangu yote, na nimegundua kwamba wachawi wa Kashikishi wote wana mchanga mzuri. Sijaona hata mmoja anayeanika samaki kwenye tope.

Mtumishi wa Mungu aliyewaongoza wale wanawake alikuja mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sauti ya upole na suruali iliyopigwa pasi. Alisema uovu una mlango, na mlango wake ni jina. Alichukua uzi wa wavu, ule wa nailoni, akaufanyia maombi, akaufunga juu ya kifundo changu cha mguu kwa mafundo, ili kile kitu kisipande kwenda tumboni. Kila fundo, alisema, litafunguliwa na mimi mwenyewe kwa mdomo wangu. Siku nitakapotaja aliyefanya, uzi utakatwa, na mguu utapona.

"Na kama sijue ni nani?" nikauliza.

"Unajua," akasema kwa ule upole wake. "Roho yako inajua. Unaogopa tu."

Sasa, uzi wa wavu unapolowa na kukauka, na sisi tulikuwa tukiingia majini kila alfajiri kupokea samaki kwenye mabeseni, unakaza. Chini yake mguu ulivimba. Uvimbe ulikuwa na nafasi ndogo tangu zamani, na sasa ulikuwa umefungiwa. Unyayo uliwaka mpaka nikawa nalala na mguu kwenye ndoo. Kila mchana tantine alipakua bukari, ugali wa kwetu, na mchuzi wa samaki, akanipa kichwa, akakaa mbele yangu akinitazama nikila, na kabla sijanawa mikono alikuwa ameshaanza. "Mwanangu, sema jina tu. Jina moja. Inakukosesha nini?" Nilikuwa napenda kumpa. Nitasema ukweli: kulikuwa na siku maumivu yalinishika hivi kwamba jina la Bana Kasuba lilikuja mpaka kwenye meno. Lilikuwa jepesi. Lingenipa chai, usingizi, na mikono ya watu kichwani. Nililimeza pamoja na bukari. Sababu yangu haikuwa kubwa wala ya utakatifu. Nilikuwa nimemwona mwanamke mwingine akitajwa, mwaka uliotangulia. Waliuvunja mlango wake, wakatupa sufuria zake ziwani, na aliyemtaja alikufa vilevile, kwa kifua.

Tayari wavuvi wawili walikuwa wameacha kumuuzia Bana Kasuba. Alisimama majini na beseni tupu, wakampita. Hakubishana nao. Alirudi kwenye mchanga wake, akaufagia, ingawa hapakuwa na samaki wa kuanika, akaketi katikati yake amenyoosha miguu. Alikaa hivyo siku baada ya siku, kama mtu aliyealikwa. Mimi ningekuwa nimeshapanda mtumbwi kurudi kisiwani.

Asubuhi moja walikuja wote pale kwenye mchanga: mtumishi, wanawake wa maombi, tantine, na umati wa watu wasio na kazi ambao haukosekani. Walinisimamisha kati ya kipande chetu na chake. Waliimba. Mtumishi akaweka mkono juu ya kichwa changu na kusema leo Mungu amechoka kungoja. Bana Kasuba alikuwa ameketi hatua chache mbele yangu, ananitazama. Hakutikisa kichwa, hakuniomba. Alinitazama tu jinsi mtu anavyotazama mizani akiwa amekwisha kuweka samaki wake.

"Taja," tantine akaniambia akilia. "Mado, taja, nakuomba. Muguu itakufa!"

"Ni yangu," nikasema. "Ikikufa, itakufa yangu."

Nilichuchumaa, nikachukua kisu cha kupasulia samaki kwenye beseni letu, nikakipitisha chini ya uzi. Mtumishi alinishika bega, nikamwambia kama ananipenda aniache, kwa maana kisu ni kikali na mimi mguu huo siusikii. Aliniacha. Uzi ulikuwa umezama kwenye nyama. Nilipoukata, nikajikata kidogo na mimi, damu ikatoka juu ya mchanga wa mpaka. Watu walirudi nyuma wakipiga yowe. Nikasimama na ule uzi mkononi. "Hii uvimbe haina jina!" nikapiga kelele, na sauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia. "Mungu akipenda nitapona, akipenda nitakuwa kiwete. Lakini hakuna mutu nitataja. Hata mungoye mupaka mbingu ianguke, hakuna mutu!"

"Kichwa nguvu!" mmoja akasema. "Itakuua, ile kichwa."

Haijaniua. Nimewazika kadhaa kati yao.

Damu yangu ilipoacha kutoka, Bana Kasuba aliinuka, akaja, akauangalia mguu, akaangalia uzi. "Umekata mubaya," akasema. "Kisu haishikwake vile." Hakuna asante nyingine niliyopata kwake, wala sikuidai.

Barua ya mganga wa kliniki niliifuata peke yangu. Hospitali yenye daktari wa upasuaji ilikuwa mbali, na kwetu mgonjwa haendi hospitali peke yake: lazima awe na bedsaida, mtu wa kumpikia, kumfulia na kulala chini ya kitanda chake. Tantine alikataa. Alisema hatashiriki kunichinja. Wakishakukata bila jina kutajwa, unarudi kwenye sanduku. Alikaa kitandani amenigeuzia mgongo, nami nikafunga nguo zangu ndani ya chitenge huku namsikia akivuta kamasi. Nilipofika pale malori ya samaki yanapopakia, nilimkuta Bana Kasuba ameketi juu ya magunia ya chisense, ana sufuria, mkaa na mkeka. Nikamwuliza anakwenda wapi.

"Ku hospitali," akasema. "Niko na mugonjwa."

Daktari alikuwa mwanamke mfupi asiyecheka ovyo. Alizungumza Kiingereza, na nesi akageuza kwa Kibemba. Alichora mguu kwenye karatasi. Akasema maji yale mazito hayazaliwi kwenye mshipa. Yanatoka kwenye kiungo cha mifupa, yanapenya kupitia kijitawi chembamba cha mshipa kinachoingia kiungoni, yanauvimbisha mshipa mkubwa kutoka ndani mpaka unasongwa na kusahau kazi yake. Ndiyo maana sindano ilisaidia na bado uvimbe ukarudi. Bana Kasuba alisikiliza, akauliza kitu, nesi akacheka na kumgeuzia daktari. Alikuwa ameuliza kama ni sawa na kuteka maji ya dimbwi ili kuokota samaki bila kwanza kuziba mfereji unaolilisha. Daktari akasema ndiyo, ni hivyohivyo. Kesho nitaziba mfereji. Akaongeza kwamba mshipa umesongwa muda mrefu, tena umefungwa na kamba, kwa hiyo haahidi unyayo utarudi wote. Kisha akauliza nani ndugu yangu wa kuweka sahihi.

Nilifungua mdomo kueleza. Nilikuwa na maelezo marefu, ya tantine, ya kikundi, ya uzi.

"Nine nyina," Bana Kasuba akasema kwa Kibemba. Mimi ndiye mama yake. Akachukua kalamu, akaweka msalaba mkubwa mahali alipoonyeshwa.

Siku zilizofuata upasuaji nakumbuka zaidi chakula. Jiko la bedsaida lilikuwa uwanjani, chini ya bati, wanawake wa kila kabila wakigombea moto. Bana Kasuba aligombana nao wote. Aliniletea nshima, ugali wa kwao, ngumu vile ninavyoipenda, na chisense ya nyanya, akasimama juu yangu. "Kula, iwe. Mi sikutoka kisiwa kuangalia mufupa." Nilipomwambia pole kwa maneno ya watu, alinikatiza: hataki kusikia habari za wajinga wakati anapika. Lakini jioni moja, akiniosha mgongo, alisema bila mimi kumwuliza, "Mi niliogopa, Mado. Ile siku, niliogopa sana." Akaendelea kusugua.

Daktari alipofungua bandeji, nesi alipitisha pamba chini ya unyayo nikiwa nimefumba macho. Sikusikia. Akapitisha tena. Hakuna. Nikalia kwa hasira, nikasema basi walikuwa na haki, nimekuwa kiwete bure. Daktari akasema mshipa hukua taratibu, tungoje. Wote walipotoka, Bana Kasuba alifungua fundo la chitenge chake. Ndani yake mlikuwa na mchanga. Niliutambua kwa rangi yake na vipande vidogo vya kome: mchanga wake wa Kashikishi, wa kile kipande kilichosemwa kimeniua mguu. Aliumwaga sakafuni kwenye saruji safi ya hospitali, akaketi kitako.

Sikuwahi kuamini kwamba mchanga ule umerogwa. Lakini nitasema moyo wangu uligonga, maana umelelewa na watu, na maneno yao yanakaa ndani hata ukiyafukuza. Nilishusha mguu. Niliuweka juu ya mchanga, nikaukandamiza, nikamtazama yeye. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha, mbali, upande wa kisigino, kitu kikakwaruza.

"Ni nini?" akauliza.

"Mchanga," nikasema.

"Ya nani?"

"Ya kwako."

"Eya," akasema, na ndipo alipofunika uso wake kwa chitenge.

Nilirudi Kashikishi natembea. Uvimbe haukurudi tena. Vidole viwili vidogo havisikii mpaka leo, na vinaniumiza wakati wa baridi, jambo ambalo hakuna daktari aliyenieleza nikaridhika. Tantine alinipokea mzigo. Alipakua bukari, akanipa kichwa cha samaki, kisha akaongeza na kile cha sahani yake. Tulikaa hivyo na amani mpaka alipokufa. Wavuvi walirudi kumuuzia Bana Kasuba, wa kwanza wao akiwa na haya usoni, wa pili bila haya yoyote, na yeye akawalalia kwenye bei wote wawili.

Haya yote niliyapitia kichwani juu ya mtumbwi, na tulipotia nanga kisiwani nilikuwa nimeshajua nitakuta nini. Nyumba ya msiba ilijaa. Wanawake waliketi chini wakilia kwa zamu, na katikati yao kulikuwa na nafasi tupu, mkeka mmoja wenye mtu mmoja. Alikuwa Mwape, mke wa Kasuba, msichana wa Kikongo aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Mantapala, aliyeolewa mwaka jana. Hakuna aliyekuwa ameketi karibu naye. Yeye ndiye aliyempikia marehemu chakula cha mwisho. Mjomba mmoja wa ukoo alikuwa amesimama mlangoni, ana uzi wa wavu amejizungushia kidoleni, anasema kwa upole kwamba kabla ya kuzika ni vizuri watu wajue. Upole uleule. Nilidhani umekufa zamani.

Nilivua viatu. Nilivivua polepole mlangoni, wote wakitazama, nikapita katikati ya wanawake mpaka kwenye ule mkeka, nikaketi kando ya Mwape na kunyoosha mguu wa kushoto mbele ili kovu lionekane. Nikamshika mkono.

"Huyu mama alikuwa na presha," nikasema kwa Kibemba, kisha nikarudia kwa Kiswahili, kwa ajili ya Mwape. "Alificha dawa chini ya godoro. Muende mumone. Mukishamona, na bado munatafuta jina, mubebe yangu. Mi ni mwana wake. Niko hapa."

Mjomba aliangalia mguu wangu. Aliujua, kisiwani wote wanaujua. Akawageukia watu wa ukoo. Kasuba akatoka chumbani na vidonge mkononi, bado vimo kwenye mfuko wake wa kliniki, akaviweka sakafuni. Mjomba akaufungua ule uzi kidoleni, akautia mfukoni.

Nikamwuliza Mwape kama amekula. Akatikisa kichwa: hajala tangu jana. Nikainuka, peku, nikauliza sufuria iko wapi.